Maneno ya Chaki Nyuma ya Mlango

"Basi yaite hayo maneno yako yaje yapandikize!" Mzee Telesphor alikuwa ameshasimama, fimbo anaigongesha chini kama mtu anayeua nyoka. "Yaite, si unayo mengi? Yapange mstari kwenye jaruba, yainame!"

"Baba, we unakuza tu mambo..."

"Nakuza? Mimi nakuza?" Fimbo ikagonga tena. "Natalia, umemsikia? Miche inazeeka kitaluni, maji yanashuka, halafu mimi nakuza!"

"Nimemsikia, baba Deo. Na majirani wamewasikia wote wawili. Punguza sauti, watu wanapita."

"Wapite! Si ndo haohao waliokaa kwenye tuta langu, wakanywa pombe yangu ya komoni, wakaniacha nimesimama kama sanamu ya kutishia ndege? Nimfiche nani?"

Deo alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, bado kavaa shati jeupe la kuazima, kola imeshakuwa nyekundu kwa vumbi la barabara ya Mpanda. Alikuwa na kiu, ana njaa, ana hasira, na katika hivyo vitatu hasira ndo ilikuwa karibu zaidi na mdomo.

"Kwani jembe la nyumba hii ni mimi tu?" akapayuka. "Nyie mnataka nizeekee kwenye tope, nivunjike, nikae kizingitini na fimbo kama..."

Akajikamata. Lakini neno likishafika kwenye meno, hata usipolitoa watu wameshaliona.

"Malizia," mzee akasema. "Kama nani? Malizia, msomi."

Mama yake akageukia moto akaanza kuchochea kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri tu.

Sasa sikia, ili usije ukadhani mzee ni mkorofi. Pale Usevya mpunga haupandikizwi na mtu mmoja. Unapika pombe, unapeleka habari kwa kiongozi wa kikundi, mnapanga siku, na siku hiyo watu wanakuja asubuhi na mapema, wanaume kwa wanawake, wanaingia kwenye jaruba, na jua linapogeuka jaruba limeshakuwa kijani. Kesho yake wanaenda kwa mwingine. Ndivyo ilivyo. Ila kuna kitu kimoja hakuna anayekusimulia, kwa sababu kila mtu anakijua tangu ananyonya: mtoto wa nyumba ndo anaingia kwenye tope wa kwanza. Anashika kitita cha kwanza cha miche, anainama, anachomeka. Kabla yake mguu wa mgeni haugusi maji. Na kama mtoto wa nyumba hayupo, watu hawagombani na mtu. Wanakaa kwenye tuta, wanakunywa pombe kwa sababu imepikwa kwa ajili yao, wanafuta midomo, wanashukuru, wanaenda zao. Maana yake iko wazi hata kwa kipofu: kama mwanao mwenyewe kalidharau tope lako, sisi ni nani tuliheshimu?

Na mtoto wa nyumba ile alikuwa Deogratias peke yake. Dada zake wameolewa, wana majaruba ya kwao ya kuhangaika nayo. Mzee nyonga yake ilivunjika alipoanguka kutoka juu ya mti pamoja na mzinga wa nyuki, ikaunga vibaya, tangu hapo tope kwake ni kitu cha kutazama kwa mbali. Kwa hiyo siku ya pombe ya mzee Telesphor, mguu uliotakiwa ulikuwa mmoja tu, na huo mguu ulikuwa kwenye fuso, unaelekea Mpanda mjini, umevaa kiatu kilichopakwa mafuta ya kupikia ili king'ae.

Chanzo chake ni maneno. Hapo mzee alikuwa hajakosea.

Deo alipomaliza kidato cha nne, matokeo yalikuja mabaya, na baya kuliko yote lilikuwa Kiingereza. Alilala kifudifudi siku nzima. Alipoamka akajiambia, kilichoniangusha ni nini? Ni maneno. Kwenye mtihani alikuwa anasoma swali, anakuta neno kama gogo katikati ya njia, anarudi nyuma. Basi, akasema, nitayachukua yote. Nitayabeba moja moja mpaka yaishe, halafu tuone nani atanirudisha nyuma tena.

Mwalimu Simon, kijana aliyekuwa anajitolea pale shuleni, alikuwa anahama, akamwachia kamusi yake ya Kiingereza kwa Kiingereza. Haikuwa na jalada, na herufi A yote ilikuwa imeliwa na mchwa. Deo hakujali. "A nitaikuta mbele ya safari," alisema, akaanzia B.

Sasa ona alivyokuwa anasoma. Mzee Telesphor kabla ya kuanguka alikuwa katekista wa kigango kwa miaka na miaka. Watoto wote wa upande ule, mafundisho ya komunyo wameyapata kwake, na mafundisho yake yalikuwa ya namna moja: anauliza swali, benchi zima linajibu kwa mdomo mmoja, fimbo inagonga chini, swali lingine. Ukichelewa unarudi mwanzo. Hakuna aliyeulizwa jibu lina maana gani. Jibu lilikuwa ni kulitoa, zima, bila kumwaga hata tone. Deo alijifunza kujibu kabla hajajifunza kufunga vifungo vya kaptula. Kwa hiyo alipoikuta kamusi, hakuhangaika kutafuta njia. Njia alikuwa nayo.

Alichukua chaki, akaandika nyuma ya mlango wa mbele, kwa ndani. Neno kushoto, maana yake kulia. Halafu anasimama mbele ya mlango, anajiuliza kwa sauti nzito kama ya baba yake, anajijibu kwa sauti yake.

"Reluctant?"

"Not willing, and therefore slow to act!"

Yaani mtu hataki, anajivuta. Fimbo haikuwepo, akawa anapiga kisigino. Yakishakaa kichwani anayafuta, anaandika mengine. Alikwenda nayo kuchota maji, alikwenda nayo kupalilia, alilala nayo. Asubuhi mama yake akifungua mlango kwenda kufagia, chaki inamganda begani, na hakuwahi kulalamika wala kuyafuta.

Habari ikazagaa. Wakaanza kumwita Dikshenari. Akipita kwenye mashine ya kukoboa, vijana wa pale kijiweni wanamrushia: "Dikshenari! Tupe moja ya leo!"

"Ephemeral!" anasema Deo, kasimama kama askari. "Lasting for a very short time!"

Wanaanguka kwa kicheko. "Oyaa, huyu jamaa sio wa kukaa hapa! Efe nini? Hilo hata mzungu mwenyewe halijui!" Na Deo anaondoka kifua kimejaa, haoni kwamba hakuna hata mmoja aliyemwuliza maana yake kwa lugha yao. Hata yeye hakuwahi kujiuliza. Kitu kinachodumu muda mfupi, kama umande, kama ule moshi wa asubuhi juu ya majaruba, alikuwa anakiona kila siku, na hakuwahi kukiita kwa hilo jina. Umande ulikuwa huku, neno lilikuwa kule mlangoni. Na sentensi nzima, kuongea Kiingereza na mtu, akasema hivi akajibiwa hivi, angeongea na nani? Na mbuzi?

Lakini kuna jambo ambalo Deo alilijua peke yake, na ndilo lililomfanya akaze. Jioni akiwa anajiuliza na kujijibu, baba yake anakuwa amekaa nje, mgongo ukutani. Mzee alikuwa hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Ila kila jibu likitoka zima, bila kusita, Deo alikuwa anasikia kutoka nje, taratibu, ko. Fimbo. Swali, jibu, ko. Hawakuwahi kuliongelea.

Halafu Maiko akapiga simu. Maiko ni binamu yake, anatengeneza simu pale Majengo, Mpanda mjini, mtu wa kujua michongo kabla haijapoa.

"Dogo, kuna mchongo umekaa vizuri. Kuna kambi ya watalii inafunguliwa huko hifadhini, wanatafuta kijana mzawa wa huku, anayejua Kiingereza, wa kupokea wageni. Nikasema, Kiingereza? Si yupo Dikshenari!"

"Lini?"

Maiko akataja siku. Ilikuwa ni ile siku ya pombe. Komoni ilikuwa imeshaanza kuchacha, harufu yake ilikuwa imejaa nyumba nzima, alikuwa anaivuta hapo hapo na simu sikioni.

"Vipi, upo?"

"Nipo. Nakuja."

Angeweza kusema kwa baba. Siku ingesogezwa, pombe ni pombe, watu ni watu. Lakini kusema kulihitaji kukaa chini, kuanza na mwanzo, kumwangalia mzee usoni, na mzee angeuliza, je, una uhakika? Deo akaona aah, nikipata kazi, nani atakumbuka jaruba? Nikirudi na kazi hata hao waliokunywa pombe watakuja kunipa mkono. Akaondoka alfajiri bila kuaga, na mama yake alipoamka akakuta mlango umerudishwa tu.

Usaili ulifanyika kwenye ukumbi wa gesti moja palepale Majengo. Alikuwepo mama mmoja wa makamo, Madam Angela, miwani kaipandisha kichwani, na pembeni yake mzungu mzee mwenye kofia. Deo aliingia, akasalimia, akakaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa hana wasiwasi, na hilo ndo linaloumiza. Alikuwa anajiona kama mtu aliyekuja sokoni na gunia limejaa.

Madam Angela akamwambia ajieleze. Deo akasimama. "I am diligent," akasema. "Diligent: showing care and effort in your work." Yaani mchapakazi. Akaendelea na mengine kama manne, kila moja na maana yake. Yule mama akatabasamu. Halafu akaweka kalamu chini.

"Sawa. Tufanye hivi," akasema kwa Kiingereza, na yote yaliyofuata yalikuwa ya Kiingereza. "Mgeni wako ni bibi kizee, mjane, kasafiri peke yake. Amesikia simba ananguruma karibu na hema lake, anaogopa, analia. Huyo bibi ni mimi. Niongeleshe."

Akajifunika uso kwa viganja, akaanza kutikisa mabega.

Deo alielewa kila neno. Usije ukadhani hakuelewa. Na kama ingekuwa kwa lugha ya nyumbani, angejua la kumwambia yule bibi bila hata kufikiri. Angemwambia, pole bibi, nyamaza, simba anayenguruma hawindi, baba yangu ndo kaniambia, anayewinda hutamsikia. Na hiyo sauti inasafiri, yeye yuko ng'ambo kule ya mto. Wewe tulia, nami nakaa hapa nje mpaka usinzie. Alikuwa amezaliwa na ile sauti ya simba. Yote hayo alikuwa nayo.

Ila hayakuwa kwenye mlango.

"Solace," akasema, yaani faraja. "Comfort given to a person who is sad."

Mabega ya Madam Angela yakasimama, kisha yakaanza tena. "Tafadhali, kijana wangu," akasema nyuma ya viganja. "Naogopa."

"Terror: very great fear." Yaani hofu kuu.

Yule mzungu akakohoa, akaangalia dirishani.

"Usinieleze," akasema Madam Angela, sasa kwa sauti ya chini, kama anamwombea. "Niambie mimi. Mimi hapa."

Na Deo akawa anasikia fimbo. Kweli kabisa, mle ukumbini, ko, swali, toa jibu, usichelewe. "Console," akasema, na jasho linamtiririka mgongoni chini ya shati aliloazima kwa Maiko. "To make a person feel less unhappy." Yaani kufariji. Mdomo ulikuwa unaenda wenyewe. Alikuwa anajisikia anavyoendelea, anataka kusimama, hawezi, kama mtu aliyeteleza kwenye tuta lenye utelezi na anajiona anavyokwenda.

Madam Angela akatoa viganja usoni. Alikuwa hana ubaya. Ingekuwa nafuu angekuwa nao. "Asante sana mdogo wangu," akasema kwa Kiswahili. "Tutakupigia." Na wala hakumwuliza namba.

Alilala kwa Maiko. Maiko alipouliza imekuwaje, akajibu watapiga simu. Kesho yake akapanda gari, akapita Sitalike, akaipita mbuga yote bila kuangalia nje, akashuka Usevya jua likiwa limeshapoa. Alipotoka barabarani akapita kwenye mashine. Safari hii kijiwe hakikumwita. Vijana waligeuza tu nyuso, mmoja akatema mate pembeni. Hapo ndo alipojua kwamba habari ya tuta ilikuwa imeshafika kila mahali, na akajua nyumbani anakwenda kukuta nini. Na nyumbani akawaambia hivyohivyo: watapiga simu.

Basi ndo ule ugomvi. Mzee kasimama, Deo juu ya gunia, mama kwenye moto, na lile neno ambalo halikumaliziwa linaning'inia katikati kama popo.

"Hodi hapa."

Mzee Telesphor akashusha fimbo, sura ikabadilika palepale, simba akawa mbuzi. "Karibu, kaka. Karibu ndani. Natalia, kigoda!"

Aliyeingia alikuwa mzee Amedeus, kiongozi wa kikundi, jembe begani, miguu imekauka tope mpaka magotini. Akaegesha jembe ukutani, akakaa, akashusha pumzi.

"Shikamoo baba mkubwa," akasema Deo.

"Marahaba. Umerudi, Dikshenari." Akacheka kidogo, na kicheko chenyewe hakikuwa cha kebehi. "Shati zuri."

Mama akaleta maji. Mzee Amedeus akanywa taratibu, akarudisha kata. "Telesphor, sina haja ya kuzunguka. Kesho tunaanza kwa Masalu. Masalu unalijua shamba lake, ukiingia kutoka sio leo wala kesho. Tukishatoka kule maji yako yatakuwa yameshakwisha na hiyo miche utalishia ng'ombe. Unajua."

"Najua, kaka."

"Nimeongea na watu. Wengine wamechukia, siwezi kukuficha. Wanasema kijana katuona sisi mbwa wa kufuata pombe. Lakini nikawaambia, mtoto ni mtoto, na kosa lina mwenyewe. Tumekubaliana: nikilisikia kwa mdomo wake yeye, sio wewe, sio mama yake, kesho alfajiri tunapita hapa kwanza. Anaingia yeye, tunamfuata, mchana tunakwenda kwa Masalu." Akamgeukia Deo. "Neno moja tu. Mi sihitaji kamusi."

Unaona jinsi lilivyokuwa jepesi? Nimekosa. Mtoto wa chekechea analiweza. Deo akashuka kwenye gunia, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, na mama yake akashika mdomo kwa kanga kama mtu anayeona mtoto wake anasimama dede. Mzee Telesphor alikuwa haangalii. Alikuwa anaangalia fimbo.

"Ila kwanza," akasema mzee Amedeus, kwa wema wake mwenyewe, na huo wema ndo ulioharibu, "hiyo kazi si umepata, mwanangu? Maana kama ulituacha kwenye tuta ukapata kazi, nitawaambia hivyo, watafurahi. Mtoto wetu yuko kwa wazungu. Sio jambo dogo."

Deo akainua uso. Akamwona mama yake. Macho ya mama yalikuwa yamefunguka yote, yanangoja, yanawaka. Alikuwa ameiamini ile habari ya kupigiwa simu. Na mzee kwa mara ya kwanza tangu jioni aliacha kuangalia fimbo.

Sasa neno moja likawa mawili. Asingeweza kusema nimekosa bila kusema nimekosa pia kule. Nimewaacha bure. Nimeenda na gunia langu limejaa, nimesimama mbele ya mama anayelia, nikamsomea maana ya kulia. Aseme hivyo, kwa lugha ambayo wote watatu wanaisikia hadi kwenye mifupa, huku macho yale yanawaka? Alifungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena.

"I am sorry," akasema.

Lilitoka lenyewe. Na likishatoka, mengine yakafuata, laini, yanateleza, hayagongi mahali. "I am sorry, father. I went there and I failed. I failed you, and I failed there. I am full of remorse. Please forgive me. Please come tomorrow."

Alikuwa anasema kweli tupu. Alisema amekosa, alisema ameshindwa kule na ameshindwa huku, aliomba msamaha, aliomba waje kesho. Hakukuwa na hata sentensi moja iliyotoka mlangoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anaongea Kiingereza, anamwambia mtu, machozi yanamtoka, na kilikuwa Kiingereza kizuri. Hicho Madam Angela alichokuwa anakitafuta kilikuwepo. Kilikuwa kinamwagwa kwenye sakafu ya udongo Usevya, mbele ya wazee wawili na mama mmoja ambao hawakuelewa hata nukta.

"Kasemaje?" mzee Amedeus akamwuliza Telesphor.

Mzee Telesphor alitikisa kichwa. "Sijui, kaka." Na katika kusema sijui, sauti yake ilipasuka katikati kama kibuyu.

"Deo, sema kwa mdomo wetu," mama akanong'ona. "Mwanangu, sema tu."

"Baba mkubwa..." Deo akaanza. Midomo ikacheza. Lile lililotoka lilikuwa limemkausha kabisa, kama kisima ukishachota maji ya mwisho, ndoo inarudi na mchanga.

Mzee Amedeus akasubiri. Alisubiri kwa haki, siwezi kumsingizia. Halafu akaweka mikono magotini, akajiinua.

"Nimekuja na miguu yangu," akasema polepole, "kuja kuombwa msamaha kwa kitu nilichokosewa mimi. Nikapewa Kizungu, hapa, mbele ya baba yako." Akachukua jembe, akaliweka begani. "Telesphor, mimi na wewe hatuna ugomvi. Tutazikana. Ila hawa watu siwezi kuwaambia kitu ambacho sijakisikia."

"Kaka..."

"Mama Deo, asante kwa maji."

Akatoka. Nyayo zake zikasikika uani, kisha njiani, kisha basi.

"Nimekosa," akasema Deo.

Alikuwa bado kapiga magoti. Alikiambia kigoda.

Mzee Telesphor hakupiga kelele tena. Ungefurahi angepiga. Alikwenda kukaa kwenye kile kigoda ambacho kilikuwa bado na joto la mwenzake, akanyoosha ule mguu mbovu mbele, fimbo akailaza chini.

"Kazi hukupata," akasema. Wala hakuwa anauliza.

"Sikupata."

"Na simu hawatapiga."

"Hawatapiga, baba."

Mama akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyejichoma na kijinga cha moto, akageuka. Akaanza kutoa kuni jikoni moja moja, anazizima kwenye majivu, ingawa chakula kilikuwa hakijaiva.

"Mimi nilikuwa nakaa pale nje," mzee akasema. "Nakusikiliza. Nasema, huyu mtoto hakosi hata moja. Namgongea." Akainua viganja viwili, akajifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika.

Deo akamwangalia. Alikuwa ameshaiona hiyo picha, jana tu, uso umefunikwa hivyohivyo, mabega hivyohivyo, na mtu anamwambia, mimi hapa, niongeleshe. Ile ilikuwa ya kuigiza. Huyu alikuwa baba yake. Hakutakiwa Kiingereza hapa. Alitakiwa asogee, aweke mkono juu ya lile bega, aseme, pole baba. Maneno mawili ya kila siku, ambayo watu wanapeana wakijikwaa njiani.

Alingoja yaje. Kilichokuja ni kile cha mlangoni. Grief, kikasema kichwani, kwa sauti nzito ya katekista. Deep sadness, yaani majonzi. Na kisigino chake, wala hakukituma, kikagonga sakafu: ko.

Mzee akasikia. Mabega yakasimama. Lakini viganja havikutoka usoni.

Deo akainuka. Magoti ya suruali yalikuwa na udongo, na mikononi hakuwa na kitu, kamusi ilikuwa juu ya gunia na huko ikabaki. Mama akageuka na kijinga mkononi.

"Unakwenda wapi? Deo. Jua linazama, unakwenda wapi?"

Mwenyewe hakujua. Kwa mzee Amedeus alikuwa hana la kusema, Mpanda alikuwa hana la kusema. Akashika mlango. Maneno ya juzi yalikuwa bado yapo kwa ndani, yamefifia, mengine yamefutika kwa bega la mama. Akapita bila kuyasoma, akatoka nje ambako majaruba ya watu yalikuwa yanang'aa kijani mpaka mwisho wa macho, na katikati yake moja, la baba yake, lilikuwa maji matupu.

Akauvuta mlango nyuma yake, akaufunga.